Uliona Mwenyewe, au Uliambiwa?

Risasi iliyomuua Lodi Erroll, Mzungu wa Kenya ya mkoloni, ilikuwa na alama za mifereji mitano, ile inayochongwa ndani ya mtutu. Bastola mbili zilizosajiliwa kwa jina la mshtakiwa, Sir Jock Delves Broughton, zilikuwa aina ya Colt, na mtutu wa Colt una mifereji sita. Mifereji ya Colt huzunguka kushoto. Ile iliyoichora risasi ya mauaji ilizunguka kulia. Wakili Harry Morris, aliyeitwa kutoka Johannesburg kuja Nairobi, aliliweka jambo hilo mbele ya mtaalamu wa silaha wa upande wa mashtaka, akauliza taratibu, swali juu ya swali, mpaka mtaalamu mwenyewe akakubali kwamba risasi ile haikutoka kwenye Colt. Tarehe 1 Julai 1941 mshtakiwa akaachiwa huru.

Nimeisoma habari ya kesi hii kwa waandishi mbalimbali, na kila nikiifikia mifereji ile napunguza mwendo, kama mtu aliyebakiwa na embe la mwisho la msimu. Wala sijui nani aliua. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kufikishwa mahakamani kwa kifo kile. Utamu wa hadithi za mauaji ungekuwa kwenye jina la muuaji, hadithi hii ingekuwa imenichosha zamani, maana mwisho wake hauna jina.

Mimi ni mpenzi wa visa vya mauaji vinavyopiganiwa mahakamani. Vya mpelelezi anayekimbizana na watu juu ya mapaa navisoma, nikimaliza nampa mwingine. Vya mahakamani nabaki navyo. Naweza kukesha na riwaya ambayo kwa kurasa mia mbili hakuna anayepigwa hata kofi, watu wamekaa, mmoja amesimama anauliza, mwingine anajibu, na karani anaandika. Kwa muda mrefu nimejiuliza ni nini kinachonishika hapo, na kesi ya Nairobi ndiyo iliyonipa jibu ninaloliamini.

Ngoja tukae nayo kidogo, maana ina kila kitu. Alfajiri ya tarehe 24 Januari 1941, Waafrika wawili waliokuwa kwenye lori la maziwa walilikuta gari aina ya Buick limetoka barabarani karibu na Karen, nje kidogo ya Nairobi, taa zikiwaka. Ndani yake alikuwamo Josslyn Hay, Lodi Erroll, mwenye umri wa miaka 39, amepigwa risasi ya kichwa karibu na sikio. Usiku ule alikuwa amekula chakula Muthaiga Club, meza moja na Sir Jock Delves Broughton wa miaka 57 na mkewe Diana, ambaye hakuwa amefikisha 30. Ndoa ya Broughton na Diana ilikuwa haijatimiza miezi mitatu, na tayari Diana na Erroll walikuwa wapenzi bila kujificha. Pale mezani Broughton aliinua glasi akawatakia heri. Siku chache nyuma alikuwa ameripoti polisi kwamba bastola zake mbili zimeibwa. Baada ya mauaji moto uliwashwa nyumbani kwake, na polisi wakaokota humo soksi iliyoungua nusu, ina damu.

Mtaani kesi hii ingekwisha kabla chai haijapoa. Mume mzee, mke kijana, mgoni wake amekufa, bastola zimepotea kwa wakati unaofaa, nguo imechomwa. Nani anahitaji zaidi ya hapo? Lakini mahakama iliuliza kitu ambacho mtaa hauulizi: aliua kwa silaha ipi, na mnajuaje? Upande wa mashtaka ulikuwa umejifunga wenyewe. Walisema risasi ya mauaji na risasi zilizookotwa kwenye shamba la Nanyuki, ambako Broughton alijifunza kulenga shabaha, zilitoka mtutu mmoja, na mtutu huo ni wa bastola yake. Wakiwa wameshasema hivyo, mifereji ilipokataa, kesi ilikosa pa kusimama. Wivu ulibaki palepale, moto na soksi navyo vilibaki. Kilichoondoka ni uzi wa kuviunganisha.

Mwezi Desemba 1942 Broughton alikufa Liverpool kwa kuzidisha mofini. Kuna wanaosoma kifo hicho kama ungamo. Kuna walioandika vitabu kumtaja mtu mwingine, na wengine wakaipeleka hadithi hadi kwenye ujasusi wa wakati wa vita. Mimi kila kitabu nakipokea, nakisoma, na nikimaliza najikuta bado mbele ya mambo mawili yaliyokataa kukutana: kilichotokea barabarani usiku ule, na kilichothibitishwa mahakamani. Visa hivi vinaishi katikati ya mambo hayo mawili, na msomaji wake anaingizwa humo, anapewa haki ya kuwa na shaka kwa kurasa nyingi bila mtu kumwambia aharakishe.

Haki hiyo haikugawiwa sawa, na siwezi kuisimulia kesi ya Erroll nikaliacha hili. Juri iliyomwachia Broughton ilikuwa ya wazungu watupu. Kenya ya mkoloni iliweka juri kwa ajili ya Mzungu. Mwafrika akishtakiwa kwa mauaji alihukumiwa na jaji aliyekaa na wazee wa baraza, ambao maoni yao hayakumfunga jaji. Miaka kumi na kitu baadaye, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, mahakama maalumu za nchi hiyohiyo zilipeleka zaidi ya watu 1,000 kwenye kitanzi, wengi wao kwa makosa ambayo hata mauaji hayakuwa: kukutwa na silaha, kuwalisha watu kiapo cha Mau Mau, kuonekana na wapiganaji wao wa msituni. Ni wangapi kati yao walipata wakili wa kuhesabu mifereji? Mvuto wa kesi ya Erroll, kwangu, una uchungu huo ndani yake. Unaona jinsi uchunguzi wa makini unavyokuwa, halafu unakumbuka ni nani aliyefanyiwa.

Waandishi wa visa hivi waliofika mbali wengi walitoka ndani ya kazi yenyewe. Riwaya ya *Anatomy of a Murder* ya mwaka 1958 iliandikwa na jaji wa Mahakama ya Juu ya jimbo la Michigan, John D. Voelker, kwa jina la kalamu la Robert Traver, naye aliichota kwenye kesi aliyoitetea mwenyewe mwaka 1952. Filamu yake ya 1959 ilipigwa hukohuko kaskazini mwa Michigan, na aliyecheza nafasi ya jaji, Joseph Welch, alikuwa wakili kweli. Kuna sehemu moja humo ambayo ningependa kila anayetaka kuandika kisa cha mahakama aisome mara kadhaa. Wakili amekwenda kumwona mteja wake mahabusu. Hamwulizi kilichotokea. Anamzuia asiseme kwanza, anamweleza sheria inatambua utetezi wa namna gani kwa mtu aliyeua, anazitaja njia moja moja na kuzifunga zile zisizomfaa, kisha anamwacha afikirie. Hajamwambia adanganye. Hajamfundisha neno hata moja la uongo. Lakini mteja anapofungua mdomo, msomaji hana tena njia ya kujua kama anasikia kumbukumbu au anasikia somo lililoeleweka. Shaka imeingia kabla kesi haijaanza, na haitoki hadi ukurasa wa mwisho. Huo ndio ufundi ninaouheshimu kuliko mizungusho yote ya dakika ya mwisho.

Erle Stanley Gardner alikwenda njia nyingine. Naye alikuwa wakili, na kuanzia mwaka 1933 alimtoa Perry Mason katika riwaya zaidi ya 80, ambamo mshtakiwa asiye na hatia huokolewa na muuaji halisi huvunjika mbele ya watu. Kama fasihi siziweki juu sana. Ukishasoma kumi umezijua zote. Ila mwaka 1948 Gardner huyohuyo alianzisha kundi la wanasheria na wataalamu wa uchunguzi wa jinai lililopitia upya kesi za watu waliofungwa pasipo haki. Alijua, basi, kwamba gerezani hakuna Perry Mason, na nadhani ndiyo maana aliwapa wasomaji mmoja wa kutosha.

London nako mchezo wa Agatha Christie, *Witness for the Prosecution*, unaigizwa tangu 2017 ndani ya County Hall, katika ukumbi wa zamani wa baraza, na baadhi ya watazamaji hukalishwa kwenye viti vya juri. Mwisho wake sitautaja, kwa heshima ya ambao hawajauona. Nataka tu mwone walichokifanya: walielewa kwamba mtazamaji wa kisa cha mahakama hataki kukaa pembeni. Anataka aulizwe anaonaje.

Sasa nirudi nyumbani, maana mimi sikujifunza kuvipenda visa hivi kutoka London. Nilijifunza Tanga, kwa bibi yangu mzaa mama, ambaye macho yalimdhoofika akiwa bado na hamu kubwa ya magazeti. Nilikuwa msomaji wake. Siasa alinikatisha, michezo hakutaka kuisikia, lakini ukurasa wa mahakamani tulikwenda neno kwa neno. "Haya mume wangu, soma," angesema, kwa utani wa bibi na mjukuu, nami ningesoma: shahidi wa nne wa upande wa mashtaka ameieleza Mahakama Kuu kwamba siku ya tukio, majira ya saa mbili usiku... "Simama hapo. Wa pili alisema saa ngapi?" Narudi kwenye gazeti la wiki iliyopita, lililohifadhiwa chini ya godoro. "Alisema saa tatu, bibi." Basi tungekaa na saa hiyo moja iliyopotea mpaka adhuhuri. Bibi hakuwahi kuniambia anadhani nani ameua. Alikuwa akisema, "Huyu wa nne tumsubiri akihojiwa na wakili wa utetezi."

Aliujua mwendo wa kesi za mauaji kuliko vijana wengi wenye shahada. Anayesoma magazeti yetu naye anaujua, kwa sababu maneno ni yaleyale. Mshtakiwa hakutakiwa kujibu chochote kwa kuwa mahakama hiyo haina mamlaka ya kusikiliza kesi ya mauaji. Upelelezi bado haujakamilika. Kesi imeahirishwa hadi tarehe fulani itakapotajwa. Mshtakiwa amerudishwa rumande kwa kuwa kosa hilo halina dhamana. Mtu huletwa mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, kwa karandinga, anashushwa, anasomewa, anapandishwa, na mchezo huo unaweza kuzunguka mwaka baada ya mwaka kabla jalada halijafika Mahakama Kuu, ambako ndiko ataulizwa kwa mara ya kwanza kama ni kweli au si kweli. Riwaya hukata yote hayo, mtu anakamatwa sura ya tatu na sura ya tano yuko kizimbani. Nawaelewa waandishi, lakini ningefurahi atokee mmoja atakayekaa na kule kutajwa. Mama wa mshtakiwa anayepanda daladala kila baada ya siku kumi na nne kwenda kuona mgongo wa mwanawe kwa dakika tano, hiyo nayo ni sura ya kitabu.

Na kesi ikishafika kusikilizwa, sheria zetu zina mambo ambayo mtunzi hahitaji kuyaongezea chumvi. Kuna maelezo ya onyo, yale anayoyaandika polisi mtuhumiwa akiwa mikononi mwake. Utetezi ukipinga kwamba yalitolewa kwa mateso, kesi kubwa inasimama na kuanza kesi ndogo ndani ya kesi, ya kuamua tu kama karatasi hiyo ipokewe. Kwa muda huo marehemu anasahaulika, na anayehojiwa kana kwamba ndiye mshtakiwa ni askari: ulianza kuandika saa ngapi, alikamatwa saa ngapi, kati ya hapo alikuwa wapi, nani alikuwapo chumbani? Kuna mnyororo wa kielelezo: panga lililookotwa lilipita mikononi mwa nani, lililala wapi, nani alisaini? Kuna mtu wa mwisho kuonekana na marehemu, ambaye anatakiwa aeleze waliachanaje. Na kuna utambuzi wa usiku, ambao naupenda kuliko yote.

Mwaka 1980 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa uamuzi ambao mawakili wanaurudia mpaka leo, kuhusu shahidi anayesema "nilimtambua" usiku. Mahakama ilisema ushahidi wa kuona kwa macho ni dhaifu kuliko watu wanavyodhani, na usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kukosea uondolewe. Ulimwona kwa umbali gani? Kwa muda gani? Kulikuwa na mwanga gani? Ulikuwa ukimfahamu kabla, au ndiyo mara ya kwanza? Tangu hapo, maisha ya watu yamening'inia kwenye koroboi. Ilikuwa mezani au imetundikwa ukutani? Utambi ulikuwa juu au chini? Mlango ulifunguliwa kwa kiasi gani? Mjane anayeulizwa maswali haya ameona mumewe akikatwa. Anaapa kwamba aliyekata ni jirani yake. Na bado wakili, kwa sauti ya chini na kwa kumwita "mama," anamwuliza habari za utambi. Ni ukatili? Wakati mwingine ninaona ndiyo. Lakini jirani naye yupo kizimbani, na sheria ya Tanzania bado ina adhabu moja tu kwa anayetiwa hatiani kwa kuua kwa kukusudia, kunyongwa, hata kama kitanzi hakijatumika tangu 1994. Kenya waliondoa ulazima huo mwaka 2017, Mahakama ya Juu iliposema jaji asilazimishwe kutoa adhabu ya kifo. Mbele ya adhabu ya namna hiyo, utambi lazima uulizwe.

Maswali ya dodoso ndiyo roho ya visa hivi. Shahidi akiwa na upande uliomwita, anaongozwa kwa upole, asimulie. Akigeukiwa na upande wa pili, kila swali ni fupi, na wakili mzuri haulizi asilolijua jibu lake. Anafunga madirisha kwanza. Ulikuwa barazani? Ndiyo. Umekaa? Ndiyo. Umeipa mgongo barabara? ... Kimya hicho cha nukta chache kinanipa msisimko kuliko mlio wowote wa risasi. Na kuna swali moja ambalo mtu wa kwetu hawezi kulisikia bila kushtuka: uliona mwenyewe, au uliambiwa? Maisha yetu ya kila siku yanakwenda kwa kuambiwa. Inasemekana fulani ana mkono wake. Wanasema mali ile si ya halali. Nasikia mtoto si wake. Ndani ya mahakama maneno hayo yote yanasimamishwa mlangoni. Aliyesema aje mwenyewe, aape, asimame pale, aulizwe. Ninafungua riwaya hizi kwa hamu ya kuingia katika chumba hicho kimoja ambamo uvumi, hata uwe wa mji mzima, hauhesabiki.

Ajabu ni kwamba fasihi yetu ya Kiswahili imekizunguka chumba hicho bila kukaa sana ndani yake. Muhammed Said Abdulla alitupa mpelelezi Bwana Msa na kiko chake, na mwili wa Bwana Ali kwenye riwaya ya *Mzimu wa Watu wa Kale*. Baada yake wakaja wapelelezi na majasusi wa Mtobwa na Musiba. Kwa kawaida muuaji akishafichuliwa, hadithi imefika. Mashahidi, jaji na rufaa vinabaki nje ya jalada. Nina dhana kuhusu sababu yake. Kwa miongo mingi shahidi wa Tanzania alisema kwa Kiswahili na jaji akaandika kwa Kiingereza. Maneno ya mjane kuhusu koroboi yaliingia kwenye kumbukumbu yakiwa yameshavuliwa nguo zake na kuvishwa nyingine, na hukumu ikasomwa kwa lugha ambayo mshtakiwa alihitaji kutafsiriwa ili ajue kama anaishi au anakufa. Mtunzi wa Kiswahili angeanzia wapi? Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Nasubiri riwaya itakayotoka humo. Naitaka ya Mahakama Kuu iliyokwenda kuketi mkoani, Songea au Tabora, jaji mgeni, ukumbi wenye feni moja, na wazee wa baraza watatu waliotoka mashambani mwao.

Wazee hao nao ni hazina. Kwa miaka mingi kesi ya mauaji Tanzania haikusikilizwa bila wao, watu wa kawaida wa mahali pale, waliomsaidia jaji kwa maoni. Sheria iliwaruhusu kumwuliza shahidi ili wapate ufafanuzi, na ikawakataza kumdodosa, maana wakidodosa wanakuwa wameshaegemea upande. Kesi kadhaa zilibatilishwa kwenye rufaa kwa sababu mzee wa baraza aliuliza kupita mpaka wake. Hebu fikiria kisa kinachogeuka hapo: mzee mwenye busara, anayeona kitu ambacho mawakili wote wawili hawakukiona, anauliza swali la kweli, na swali hilohilo linakuja kuiangusha kesi nzima. Tangu 2022 jaji anaweza kuendelea bila wao, na Kenya iliwaondoa tangu 2007. Yeyote anayetaka kuandika habari zao aanze sasa, wangali hai wanaoweza kusimulia.

Sijasahau kwamba nyuma ya kila kesi ya kweli kuna maiti. Ndiyo sababu naona riwaya inatutendea wema ambao habari za kweli haziwezi. Nikifuatilia kesi iliyoko mahakamani leo, furaha yangu ya kuona swali zuri inakutana na sura ya ndugu wa marehemu, nami najizuia. Kitabuni hakuna aliyefiwa. Naweza kujizoeza shaka bila kumwumiza mtu.

Na mazoezi hayo tunayahitaji. Taarifa za polisi zimetuzoesha "wananchi wenye hasira kali," watu wanaomkamata mmoja, wanamwita mwizi, na mpaka polisi wafike kumebaki tairi linalofuka moshi. Usukumani vikongwe wameuawa kwa sababu macho yao yalikuwa mekundu, mekundu kwa moshi wa kupikia wa miaka yote, na mtu akasema ni wachawi. Hakuna aliyeulizwa aliona nini na kwa mwanga gani.

Ngano zetu zinalijua jambo hili. Kuna ile ya mwalimu Goso, iliyochapwa katika mkusanyo wa ngano za Zanzibar mwaka 1901, na wengi wetu tulisimuliwa utotoni tukacheka. Goso anafundisha watoto chini ya mbuyu. Paa anapanda mtini kutafuta mabuyu, buyu moja linaanguka, linampiga mwalimu kichwani, anakufa. Wanafunzi wanamzika, kisha wanaamua kumsaka aliyemuua. Wanamkamata upepo wa kusi na kumpiga. Kusi anajitetea: ningekuwa na nguvu hivyo, ningezuiwa na kiambaza? Wanakwenda kukipiga kiambaza. Kiambaza kinamtaja panya anayekitoboa, panya anamtaja paka, paka anaitaja kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji ng'ombe, na mlolongo unakwenda hivyo mpaka kwa paa. Paa, kwa mshangao wa kukamatwa na huzuni ya jambo alilolifanya bila kukusudia, anashindwa kusema. Wanafunzi wanasema: ndiye huyu. Wanamuua.

Hiki ndicho kisa cha mauaji na hukumu ninachokifikiria mara nyingi zaidi, kuliko cha Nairobi na cha Michigan. Wamemuua aliyehusika kweli, ndiyo. Lakini wamefika kwake kwa kubahatisha, wakimpiga kila waliyemkuta njiani, na hukumu wameitoa kwenye kimya chake. Ningepewa kumtetea paa yule, nisingemwita yeye kwanza. Ningemwita mwanafunzi mkubwa, ningemwapisha, na ningeanza taratibu. Siku ile mlikuwa wangapi chini ya mbuyu? Mlikuwa mkitazama juu, au mlikuwa mkitazama vibao vyenu? Buyu lilipoanguka, nani kati yenu aliinua macho? Aliona nini? Mbona basi hamkuanza kwa paa? Kusi aliwaambia alimwona paa mtini? Kiambaza je, au panya? Katika wote mliowahoji, yupo hata mmoja aliyesema alimwona? Mlipomfikia paa, mlimwuliza swali gani? Ulisubiri jibu kwa muda gani? Na fimbo uliyokuwa nayo mkononi wakati ukisubiri, mheshimiwa jaji anaomba aione: ni ileile uliyompigia kusi?